Kamera ya Semana

Kule Kingi kila mtu alijua kwamba kamera ya Semana haiguswi. Ilikuwa kamera ndogo ya filme, aliinunua kule sokoni Hombo wakati biashara yake ya ng'ombe ilikuwa bado inakubali, na jioni ile ile akaitia filme mwenyewe, amewapa watu mgongo. Mkewe Mukandori alimwuliza kama asingetafuta mtu wa kumwonyesha.

"Mimi?" Semana akacheka. "Mimi mwenye nazalisha ngombe mu giza?"

Filme ilikuwa hiyo moja tu, basi aliitumia kama chumvi ya wakati wa vita. Sikukuu moja, picha moja. Miaka minne ilipita hivyo. Mapacha wa binti yao Umwali walibatizwa, maharusi wakapangwa mstari, na watu wakiulizia picha zao Semana anawaonyesha kidirisha cha namba: "Tuko kumi na saba. Ikifika makumi mbili na ine, mutaziona zote."

Ya kumi na nane aliipiga Mukandori. Semana simu za vijana alizikimbia; alisema sura ya mwanaume haichukuliwi mbiombio. Lakini asubuhi moja alimpa mkewe kamera, akasimama kando ya ng'ombe wake Gaju, akafunga shati hadi kifungo cha shingoni. Miezi miwili baadaye homa ikamchukua. Picha nyingine ya uso wake haipo. Kadi yake ya kura, yenye picha, ilipotea siku walipokimbia mapigano.

Matanga yalipoisha, Mukandori na Umwali wakateremka hadi Kirotshe kwa Papa Shyaka, mpiga picha wa zamani. Umwali alibaki nje kwenye benchi. Mukandori aliingia na woga mmoja: ile pete ya mbele ya kamera, ya kupimia umbali, ina alama za kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, na mlima. Siku ile aliiweka wapi?

"Kama uliweka ku mulima, sura itakuwa na ukungu kidogo," Shyaka alimwambia. "Lakini bwana yako utamutambua tu."

Kwa mara ya kwanza tangu maziko, pumzi ilimshuka hadi tumboni.

"Sasa jifunze, Mama, kamera iko yako. Hapa njo unafinya. Huu mulango wa nyuma usifungue, mwangaza unaunguza filme yote. Na haka kamukono ka juu, ukizungusha hapa nyuma, nako kanazunguka. Njo unajua filme inatembea. Jaribu."

Alizungusha kwa kidole gumba. Namba ikaruka hadi kumi na tisa. Kamkono kakatulia. Akafinya, akazungusha tena. Ishirini.

"Papa Shyaka, hakazunguke."

"Naona, Mama."

Mzee aliufungua mlango wa nyuma polepole. Ulimi wa filme ulikuwa umejikunja pale pale mwanzoni, mpya, haujashika hata jino moja. Miaka minne namba zilikuwa zikitembea peke yake. Mapacha, maharusi, Gaju, kifungo cha shingoni: hakuna aliyeingia mle ndani.

"Kosa haiko yako," Shyaka alisema kwa sauti ya chini. "Ni yule mwenye aliiweka..."

"Nyamaza, Papa." Mukandori alinyoosha mgongo. "Yule iko bwana yangu. Funga."

Shyaka akafunga.

Nje, Umwali aliruka kutoka kwenye benchi. "Mama! Papa anaonekana?"

Mukandori alifunga kitambaa chake vizuri kichwani kwanza.

"Ni mimi, mwanangu. Niliifungua kule nyumbani, nilitaka kumuona. Mwangaza ulikula zote."

"Zote? Na watoto wangu? Mama, Papa alikukataza miaka yote usiiguse!"

"Alinikataza," Mukandori alisema. "Nikashupaa."

Mlangoni, Shyaka aliangalia viatu vyake. Umwali alitangulia kuelekea kwenye mapikipiki, mikono kichwani, bila kugeuka. Mama yake akamfuata kwa nyuma, kamera ndani ya kitenge, kifuani.