Mota ya Jikoni kwa Mama

Kazi yangu ni kusuka mota, yaani kuzizungushia waya mpya. Nina karakana Mbalizi, kando ya barabara kuu, na mota nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za mashine za kukoboa mpunga kutoka Ubaruku. Zinafika zimeungua, vumbi la pumba limeingia hadi kwenye waya, na mwenye mali amenuna mlangoni kana kwamba mimi ndiye niliyeziunguza. Wengine wakiniona nimeshika koleo huniuliza fundi yuko wapi. Mwanamke mzima, mafuta hadi kwenye viwiko, naulizwa fundi yuko wapi. Nilishaacha kujibu.

Mwaka ule baba alipougua, mota iliyonitesa kuliko zote ilikuwa ndogo, ya kubeba kwa mkono mmoja. Ilikuwa ndani ya mashine ya kuosha vyombo, jikoni kwa mama, Iringa.

Nyumba ya wazazi wangu si nyumba ya vitu kama hivyo, kwa hiyo niseme kwanza ilifikaje pale. Hospitali walipomwambia baba arudi nyumbani akakae na watu wake, watu wake walikuja kweli. Kwetu mgonjwa hajuliwi hali kwa simu. Wanakuja, wanavua viatu mlangoni, wanakaa pembeni ya kitanda, wanasali, halafu wanakula. Mgeni aondoke bila kula? Mama angekufa kwa aibu kabla ya mgonjwa. Asubuhi chai na viazi, mchana ugali au wali, jioni chai tena, na kila kundi likitoka linaacha mlima wa sahani. Nilikwenda kumwona baba wakati baridi imekaza, nikamkuta mama uani ameinamia beseni, vidole vimevimba na kupasuka. Ndani majirani walikuwa wamejaa chumbani. Niliumia sana siku ile, kwa sababu niliona kwamba mtaa mzima ulikuwa unakaa na baba katika siku zake za mwisho, isipokuwa mke wake.

Nikamwambia tutafute msichana wa kazi. Alikataa katakata. Hakutaka mtoto wa watu amwone mumewe anavyobebwa kupelekwa chooni.

Kulikuwa na mteja wangu Mbeya mjini, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa anabadilisha vitu vya jikoni kwake. Alinipa mashine yake ya zamani, nami nikaipeleka Iringa kwenye Fuso la mchele. "Hii haina macho, mama," nilimwambia. Akacheka kidogo. Nikaifunga jikoni, ukuta mmoja na chumba cha baba, maana ndiko bomba lilikopita. Ikafanya kazi. Mchana, wageni wakiondoka, mama alikuwa anapanga vyombo mle, anabonyeza, anaingia chumbani na kukaa.

Halafu siku moja akanipigia simu.

"Mwanangu, dude lako linachemka huku chini kama pasi. Likichemka linanyamaza. Likipoa linaamka tena."

"Linatoa harufu?"

"Kama ya rangi."

Nikajua ni vanishi ya waya inapata moto. Nikamwambia asiiwashe tena mpaka nifike.

"Haya. Beseni lipo," alisema, bila kulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonipandisha kwenye basi.

Nilimkuta ameivuta mashine kutoka ukutani, ameipangusa, inang'aa. Nikaanza kazi kama ninavyoanza siku zote, kwa kushuku umeme. Umeme ukiwa mdogo mota inajikaza na kupata moto. Nikapima, ulikuwa wa kutosha. Nikafungua chini, nikazungusha shafti kwa kidole, ikazunguka laini bila kukwama. Nikatoa chujio nikitegemea kukuta punje za wali au mfupa wa samaki, likawa safi kuliko sahani zangu za Mbalizi. Nikapima waya za mota, nazo nzima. Nikaiwasha, nikaweka kiganja juu ya mota muda wote ilipokuwa inaosha. Ilipata uvuguvugu tu, basi. Niliifunga nikiwa na hasira. Mota mbovu inanipa kazi, lakini mota nzima inayougua nisipokuwepo inanifanya nijione mjinga.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa uani naongea na wageni waliokuwa wanaaga. Nikasikia harufu ile. Nikakimbilia jikoni, mashine imenyamaza, sahani zina povu. Nikapiga magoti nichungulie chini, nikakuta blanketi.

Blanketi zima, lile la mistari la zamani, limekunjwa na kushindiliwa chini ya mashine na nyuma yake hadi usawa wa kiuno, na kitenge kimezungushiwa kukaza. Hewa isingepenya hata kwa kuombewa. Kila mota inatoa joto, na joto lile halikuwa na pa kwenda. Ndani kuna swichi ndogo inayokata umeme mota ikizidi moto, nayo ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Na nilipokuja kama fundi, mama alikuwa ametoa vyote, amepangusa, kama anavyomwogesha mgonjwa na kumvalisha shati safi kabla ya kumpeleka kwa daktari.

"Mama, ni nini hiki?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Akashusha sauti. "Inaunguruma. Baba yako yuko hapo tu nyuma ya ukuta. Wamama wa kanisani wamesema mgonjwa anatakiwa kimya."

"Utaiunguza!"

"Basi iungue. Si bora nioshe mwenyewe, yeye alale?"

Nilivuta blanketi, nikakata vipande vya tairi kuukuu nikaviweka chini ya miguu ya mashine, nikaisogeza kutoka ukutani. Mngurumo ukapungua, lakini haukuisha. Mota ni mota. Mama alinitazama, akaanza kutoa sahani zenye povu, moja moja, kuzipeleka kwenye beseni.

Ndipo baba akaita. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana siku zile, lakini jina langu la utotoni ilitosha kulifikisha. Nikaenda.

"Umeshindwa kutengeneza?"

"Nimetengeneza, baba. Ila inapiga kelele. Mama anaona utakosa usingizi."

Akafumba macho, nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anakusanya pumzi.

"Nani kasema nataka kimya? Humu ndani wanatembea kwa kunyata. Wananong'ona. Naamka sisikii kitu, najiuliza kama ndiyo tayari." Akapumzika. "Ile ikiunguruma najua mama yenu kamaliza. Najua anakuja. Siku hizi naisikia kwa mbali mno, halafu inanyamaza, na yeye haji."

Mama alikuwa nyuma yangu, sahani mkononi, povu linadondoka sakafuni. Sikugeuka kumtazama usoni, nilimwonea huruma. Nilimsikia tu anarudi jikoni, anarudisha sahani, anafunga mlango wa mashine. Akabonyeza. Ukuta ukaanza kutetema taratibu.

Akaja kukaa kitandani, akajifuta mikono kwenye kanga, akachukua mkono wa baba. Nilitoka nikawafungia mlango. Wageni wa jioni walipofika niliwaambia wasubiri sebuleni. Wakanuna, nikawaacha wanune.

Baba alifariki wiki chache baadaye, mchana, mimi nikiwa Mbalizi. Mama alinisimulia baada ya mazishi. Wageni walikuwa wamekula na kuondoka, naye alikuwa amekaa na baba kama kawaida. Alisema hakusikia mashine ilipomaliza. Alikuwa ameinama, sikio kifuani kwa baba, anasikiliza.