Mgeni wa Edna

Kuna watu wakisikia habari hii huniuliza kama tulikuwa tumekunywa. Tulikuwa na maji na soda, basi. Asiyeamini aende Chanika akaone kilichopo nyuma ya nyumba ya Edna, kisha arudi tubishane.

Edna alikuwa rafiki yangu tangu tulipopanga vyumba jirani Tandale. Alijinyima miaka, akanunua kiwanja Chanika, akajenga vyumba viwili na kuhamia kabla hata hajapiga plasta. Wikiendi ile alitualika mimi na Salum, mwenzetu wa siku zote. Jumamosi tupande vilima vya Pugu, Jumapili tushinde ndani tukiangalia muvi za kutafsiriwa, zile ambazo dijei anawasemea Wazungu mpaka wanakuwa kama watu wa Mbagala. Salum alijaza flashi nzima.

Pugu tulipanda vizuri, japo mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Juu tukatafuta pa kukaa, tukafungua hotpoti la chapati na maharage. Hapo akatokea mwanamke, kajifunga kanga, hana mzigo, yuko peku. Edna, mdomo umejaa, akamwambia, "Karibu chakula, dada."

Sasa wewe na mimi tunalijua neno hilo. Unakula, mtu anapita, unamkaribisha. Naye anajua wajibu wake: "Ahsante, kuleni tu, nimetoka kula sasa hivi." Anakwenda zake, adabu imetimia na chapati zimebaki. Nani hutegemea mtu akubali? Huyu alikubali. Alipokunja miguu kukaa nikaziona nyayo zake, safi kama za mtu aliyetoka kuoga. Sisi viatu vyetu vilikuwa havitazamiki kwa tope.

Alipewa kipande cha chapati, akakishika tu mkononi. Tulipoinuka, Edna ambaye adabu ilimzidi akaongeza, "Haya dada, karibu na nyumbani, Chanika."

"Nitakuja," akasema. Hakuuliza Chanika sehemu gani.

Kesho yake alasiri tulikuwa kwenye muvi ya pili, tunacheka mpaka mbavu zinauma, mara hodi. Edna akajibu karibu bila hata kugeuka. Akaingia yule yule, kanga ile ile, akakaa kwenye mkeka pembeni ya Edna. Nani alimwelekeza nyumba? Salum alinikonyeza, mimi nikajifanya natazama muvi. Mgeni hakutazama. Alimtazama Edna tu, taratibu, kama fundi anayemkadiria mtu nguo.

Halafu umeme ukakatika. Kulikuwa bado mchana, mlango uko wazi, na kioo cha tivii kilipokuwa cheusi tukajiona humo. Niamini ninachokwambia. Kulikuwa na mimi, Salum na Edna. Pembeni ya Edna kulikuwa na mkeka mtupu.

Salum alitoka nje bila kuvaa viatu. Nikamvuta Edna mpaka uani, nikamwambia tuondoke wote, twende kwangu Tandale. Na yeye alikuwa amekiona kioo. Lakini akanijibu, "Nimemkaribisha mwenyewe. Namwachaje mgeni peke yake ndani? Ataondoka tu, mgeni hakai."

Mgeni alikaa. Jumanne Edna akanipigia simu, sauti yake ya kuchangamka kwa nguvu. Akasema wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi yeye kampa kweli, labda ataona haya aondoke. Nikamuuliza, "Akasemaje?"

"Kacheka. Kaenda nyuma ya nyumba, analima."

Nilikwenda jioni ile ile. Mgeni hakuwepo tena. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, na nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo refu, kingo zimenyooka. Edna alisimama karibu yake. Urefu ulikuwa wake.

Tulilifukia, mimi na Salum na majirani. Asubuhi lilikuwa wazi. Tukafukia tena, tukaweka na mawe, asubuhi mawe yamepangwa pembeni. Aliletwa mchungaji, aliletwa na shehe, na wote wawili waliomba kwa moyo. Edna alihamia kwangu, lakini alikuwa anapungua mwilini kama kipande cha sabuni kwenye beseni. Hospitali walipima walichoweza kupima, hawakuona ugonjwa. Nilimpikia, nikamlisha kwa mkono wangu. Alifia kitandani kwangu, mvua za masika zinanyesha.

Kaka yake aliapa kwamba hazikwi Chanika. Vijana wakachimba makaburini, maji yakajaa. Wakahamia sehemu ya juu, maji tena. Watu wamelowa, jua linakwisha, jeneza liko juu ya benchi. Mwishowe kaka mtu alikaa chini kwenye tope, akalia, akasema basi, tumpeleke kwake. Jeneza liliingia mle bila mtu kuongeza hata jembe moja. Shimo lilikuwa kavu.

Ndugu msomaji, sikutishi, nakusihi. Ukiwa porini, kula umegeuza kisogo. Usimwambie karibu mtu ambaye hujui kwao, hata kwa mdomo tu, maana wapo wanaoitikia.

Tandale siku hizi wananiita mchoyo. Nakula nimefunga mlango, na hodi siitikii. Mwezi uliopita alikuja mama yake Edna, kafunga safari kutoka Masasi. Alibisha, akaniita kwa jina, akasema, "Mwanangu, ni mimi, nimekuja tumlilie wote." Sauti ilikuwa yake kabisa. Lakini ningejuaje? Nilikaa na sahani mapajani, kimya, nikimsikiliza akilia peke yake mlangoni, mpaka akaondoka.