Nyumba Iliyomfuata Mama

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimekaa kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya serikali kwa miaka mingi, na mtu wa kazi ile hufika mahali hashtuki tena kwa jambo lolote. Lakini dada yangu Masouda bado ananishangaza. Nikimwona uani kwake Al Amerat, kanga imemteremka begani, anamenya chungwa na kumsema kila apitaye, huwa najiuliza kama kweli ndiye yule niliyekuwa naye katika aqaba ya Amerat, ile barabara ipandayo mlima, mwaka wa tisini na nane, siku aliporudisha nyumba nzima kinyumenyume mlimani.

Kazi yake ni kuwafundisha wanawake kuendesha gari. Muscat hupati leseni mpaka upite kwanza kwenye mapipa, urudi nyuma baina yao bila kuligusa hata moja, kisha upande kilima, usimame katikati, uondoke tena bila gari kuserereka. Wanawake wengi walikuwa wakilia kwenye mapipa na kumaliza machozi kwenye kilima. Masouda ana ulimi wa pilipili, na sisi nduguze tumeuonja sote, lakini mwanafunzi akikwama sauti yake hushuka mpaka unaweza kuisinzilia. Nilidhani huo ndio mwisho wa kipaji chake.

Wakati huo tulikuwa tukikaa nyumba ya kupanga Wadi Kabir, mimi, yeye na Mama, ubavuni mwa magereji, tukinywa chai ya asubuhi kwa harufu ya rangi ya magari. Mwenye nyumba akataka nyumba yake aibomoe. Masouda alikuwa amenunua kiwanja Al Amerat, nyuma ya milima, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha tu. Kaka yetu Hamoud akasema Mama ahamie kwake kwa muda, chumba kipo, na mkewe amekwisha kununua godoro jipya.

"Mie sihamii tena nyumba ya mtu," Mama alisema. "Nikihama, nahama na yangu."

Hamoud alicheka, na mimi nikacheka. Masouda hakucheka, kwa sababu alijua maneno yale yanatoka wapi.

Mama yetu, Bi Mwanamize, aliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne na watoto wawili mkononi, mimi nikiwa tumboni. Nyumba yake ilikuwa Malindi, ameachiwa na baba yake. Gari lilipowachukua kwenda bandarini aligeuka kitini akaitazama kwa kioo cha nyuma mpaka kona ilipoimeza. Hadithi hiyo tumeisikia tangu utotoni, hata mimi ambaye sikuiona najua rangi ya mlango wake. Na kila mara alimalizia vilevile, kama anayemsema mtu: "Haikunifuata." Baada ya hapo akakaa Mombasa kwa watu, Dubai kwa watu, na Muscat kwa kodi, akishona nguo za watu na kupima kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, maana futi ya dukani hakuiamini hata siku moja.

Masouda akapotea siku kadhaa, kisha akaja na habari kwamba amenunua karavani. Mhandisi mmoja Mmarekani alikuwa anarejea kwao na hakuweza kuichukua. Tulikwenda kuiona nikabaki mdomo wazi. Ilikuwa nyumba, hakuna neno jingine: kitanda, jiko, choo, madirisha manne, na magurudumu chini. Mama aliizunguka, akaingia, akafungua kila mlango wa kabati, akatoka na vipimo vya mapazia kichwani.

Tabu ilikuwa kuivuta. Tela la namna ile halifungwi nyuma ya gari kwa ndoano. Lina shingo ndefu inayopanda juu ya bodi ya pikapu, na pini yake inakaa kwenye sahani nzito ya chuma iliyofungwa humo ndani. Mhandisi alikuwa na pikapu ya bodi ndefu. Yetu ilikuwa ya milango minne na bodi fupi, basi pua ya nyumba ilikaa karibu sana na kichwa cha gari. Ukienda moja kwa moja hakuna neno. Ukikata kona kali, pembe ya pua inakuja mbele na kuvunja kioo cha nyuma pamoja na aliyekaa kiti cha nyuma.

Fundi wa Wadi Kabir aliyetufungia sahani alikataa kututoa gerejini mpaka apige mstari mweupe wa rangi juu ya pua ile. Alimwambia Masouda kwamba mstari ukifika kwenye kioo, asimame hapohapo, asiende hata unywele mmoja. Na kona zote azichukue kwa upana, ateke barabara yote ikibidi.

Siku ya kuhama, asubuhi kwenye chai, Masouda alimweleza Hamoud mambo hayo kwa sahani na kijiko, mara mbili. Kazi ya Hamoud ilikuwa moja: akae nyuma na asipite. Hamoud akaitikia vizuri sana. Kisha akatoka nje akalifunga gari lake utepe.

Hao ndio watu wetu. Hakuna anayehama kimya kimya. Waliposikia Bi Mwanamize anahama na nyumba yake walikuja mabinamu kutoka Ruwi, Al Khuwair na Seeb, magari manane au tisa, taa zinametameta, honi zinapigwa kama tunampeleka bibi harusi. Mama alipanda kiti cha nyuma upande wa kulia, mimi kushoto kwake, na badala ya kukaa kama watu akageuka, akakunja miguu, akaweka kidevu juu ya kiegemeo na kuikabili nyumba yake kiooni. Nilimwambia atachoka. Hakunisikia. Kila tulipovuka tuta na ile nyumba ikatikisika ikaja, alinong'ona, "Inakuja."

Aqaba ile nilikwisha ipita sijui mara ngapi na sikuwahi kuitazama. Siku ile niliiona. Milima mitupu, ya rangi ya kahawa iliyoungua, imesimama pande zote bila jani, na sisi katikati yake tunapanda na nyumba yenye mapazia ya maua. Injini ilinguruma, mikono ya Masouda imetulia kwenye usukani. Niliogopa na nikafurahi kwa pamoja, nikajikuta nasoma kila sura ninayoijua.

Ikaja kona ya kulia, kali, jabali upande wa ndani. Ili aichukue kwa upana ilimpasa kuingia upande wa pili wa barabara, na kulikuwa kutupu. Alianza kuelekea huko. Hapo hapo Hamoud, ambaye tangu chini alikuwa akitamani kuuona uso wa Mama kiooni unavyong'aa, akashindwa na nafsi yake. Akatoka nyuma, akapanda mpaka ubavuni petu kushoto, honi moja ndefu, mkono nje, anampungia mamaake.

Masouda hakuwa na pa kwenda ila kulia. Pikapu ikakata kuelekea jabali na nyumba bado imetazama ilikotazama. Kioo cha nyuma kikajaa kitu cheupe.

"Masouda," Mama alisema, bila kupaza sauti. "Mstari."

Akafunga breki. Tukasimama.

Mbele yetu jabali, kushoto gari la Hamoud, nyuma ule msururu wetu kama wa harusi na malori nyuma yake. Honi zilizima moja baada ya moja, na ule mlima ukawa kimya kabisa. Niligeuka nikaiona pembe ya nyumba. Sikuwahi kuwa karibu na kitu kikubwa namna ile ambacho hakitakiwi kusogea. Uso wa Mama ulikuwa baina yangu nayo.

Masouda alivuta breki ya mkono akamwomba Mama ateremke kwa mlango wangu, polepole. Mimi mkono wangu ulikuwa umekwisha fika kwenye kitasa.

"Moja niliiacha," Mama alisema. "Hii siiachi."

Nikaurudisha mkono wangu.

Njia ya kutoka ilikuwa ni kurudi nyuma tu, na hapo ndipo penye kiini macho chake. Moyo unakwambia uzungushe usukani kushoto, ulikimbie jabali. Ukifanya hivyo nyumba inaingia ndani ya gari. Ilikuwa lazima auzungushe kulia, mpaka mwisho, kama anayeitafuta ile hatari, ndipo pikapu ijinyooshe mbele ya nyumba. Na yote hayo kwenye mteremko, ambako gari likiserereka kidogo tu bila hesabu hakuna wa kulishika. Mapipa na kilima, mitihani yote miwili kwa mara moja, na safari hii anayetahiniwa ni mwalimu.

Nyuma watu walikuwa wameteremka. Madereva wa malori, vijana wa mabasi madogo, mzee mmoja wa kanzu na bakora, wote wakirudisha magari nyuma moja moja, wakiweka mawe kwenye matairi, bila mtu kumpigia mwenzake kelele. Hamoud alirudi na lake mpaka chini, akaja mbio kwa miguu, utepe umemganda mkononi.

"Mama," Masouda alisema, na ilikuwa ile sauti yake ya wanafunzi. "Mie sioni hapo. Nipimie."

Mama akaweka kidole chake kwenye kioo. "Kidole."

Usukani ulizunguka kulia, ukagota. Nikasikia breki ya mkono inashuka. Gari lilitetemeka, likarudi kiasi ambacho hata sikukihisi.

"Kidole," Mama alisema. Kisha, "Vidole viwili."

Nilikuwa nimefumba macho, nikayafumbua, maana niliona ni haramu kukosa kuliona jambo lile.

"Vidole vinne," Mama alisema. Mkono wake ulikuwa umetandazwa kiooni, ule mkono uliopima kanzu za nusu ya Wadi Kabir. "Shibiri, mwanangu. Shibiri." Mwanga ukaanza kupenya pembeni ya pua ile, nikaona mlima tena, na pazia la maua. Masouda hakupumua, au mimi ndiye sikusikia. "Dhiraa," Mama alisema. "Dhiraa na zaidi. Imerudi mahali pake."

Watu barabarani hawakushangilia. Yule mzee wa bakora alisema "Subhanallah" akasogea pembeni atupishe. Masouda akaichukua kona kwa upana, barabara yote ni yake, na hakuna gari lililothubutu kutufuata kwa karibu mpaka Al Amerat.

Hamoud hadi leo anasimulia kwamba ni yeye aliyeongoza shughuli ile yote. Tunamwacha.

Pale kiwanjani Mama aliteremka, akaizunguka nyumba, akaipiga kofi ubavuni. "Hii imenifuata," alisema, kisha akaomba kaa la udi.

Nyumba ya matofali ilikwisha baada ya miaka miwili. Mama alikula humo, alipokea wageni humo, na usiku akarudi kulala kwenye karavani yake. Na hakukubali ishushwe kwenye matofali. Aliyataka magurudumu yabaki na yajazwe upepo, na pikapu ikae karibu. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Hujui wewe." Masouda hakumuuliza. Miaka mitano aliyajaza upepo yale matairi, na mwanamke yule hana subira hata ya kungoja chai ichemke.

Asubuhi moja ya mwaka wa elfu mbili na tatu Mama alitoka kufagia chini ya mlimau alioupanda mwenyewe mlangoni pa karavani. Akasimama, akautazama, akaja mezani tulipokuwa tunakula.

"Masouda," alisema, "yatoe magurudumu."

"Yote, Mama?"

"Yote."

Masouda aliacha chai yake akaenda kuchukua spana na jeki. Alipokawia nilimfuata. Nilimkuta amekaa mchangani chini ya karavani, gurudumu la kwanza limelala pembeni yake, analia, yeye ambaye mlimani hakutoa hata jasho.

Nikamuuliza kuna nini.

"Tangu sitini na nne, Rawya," alisema. "Leo ndiyo amefika."

Kisha akajifuta kwa kanga na kunipa zile nati nimshikie.