Maziwa ya Jumatano

Aliyetuletea habari ya maziwa alikuwa homugadi, mmoja wa vijana wetu waliopewa bunduki na serikali ili watulinde, na shida ilianzia hapo. Alipita katikati ya mistari ya nyumba akitangaza kwamba kuanzia Jumatano, kila mama mwenye mtoto ambaye hajafika miaka mitano ampeleke kwenye kibanda kilicho karibu na posti, kituo chao. Mtoto atapimwa, atapewa maziwa bure, na mama atafundishwa kumlea. Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia ni nani aliyekamatwa.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi na mtoto mmoja, msichana wa miezi tisa. Tuliishi na mama mkwe wangu katika kijiji kipya upande wa Gitothua, juu kidogo ya mto wa Ruiru. Siku hizi watu wanajenga magorofa huko, lakini wakati huo ilikuwa kahawa tu, kahawa mpaka macho yanachoka. Serikali ya wakoloni ilikuwa imetuondoa kwenye mashamba yetu, nyumba zetu za zamani zikachomwa, tukapangwa kwa mistari na kuzungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Handaki lenyewe tulilichimba sisi wanawake, asubuhi baada ya asubuhi. Mchana tulipewa saa chache za kwenda kutafuta chakula. Ikishapigwa filimbi, uwe umerudi.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Thika. Siku moja aliondoka kwenda kazini na hakurudi. Mtu mmoja aliniambia alimwona akipakiwa kwenye lori. Mwingine alisema ameingia msituni, kwa wale waliokuwa wakipigana na serikali. Kila nilipoulizwa yuko wapi nilijibu sijui, na kweli sikujua, lakini katika miaka ile jibu hilo lilisikika kama uongo hata masikioni mwangu mwenyewe.

Mama mkwe, niliyemwita maitu kama mama yangu mzazi, alisikiliza tangazo la maziwa akiwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Walichoma nyumba yangu na ghala langu," alisema. "Leo wanataka mjukuu wangu anenepe. Kwa nini?"

"Labda ni watu wengine, maitu. Si wale waliochoma."

"Bunduki ni ileile."

Kijijini maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ule unga ni mifupa iliyosagwa. Wengine walisema msichana akiunywa hatazaa kamwe. Lililonitia hofu zaidi lilisemwa na jirani tuliyechimba naye handaki. Alisema wanataka kujua umri wa kila mtoto ili wahesabu miezi nyuma, wajue ni wanaume gani wa msituni wanaorudi kwa siri kwa wake zao. Niliacha jembe nikahesabu miezi ya binti yangu kwenye vidole. Nilijua alizaliwa baba yake akiwa bado nyumbani, lakini nilihesabu hata hivyo, mara mbili.

Tulienda kwa sababu moja tu. Mama aliyehudhuria alisamehewa kuchimba asubuhi hiyo.

Mwalimu alishushwa na gari la serikali kutoka Thika. Tulitarajia mzungu, kumbe alikuwa mwanamke wa kwetu, mrefu, mwenye sweta ya buluu na viatu vya kamba. Alizungumza kama sisi kabisa. Hilo halikutupunguzia wasiwasi. Mzungu tungejua amesimama wapi. Juu yake, kwenye boriti ya kibanda, alikuwa ametundika mizani ya ndoano, na kwenye ndoano palining'inia mfuko wa gunia wenye matundu mawili ya kupitisha miguu ya mtoto.

Mama aliyekuwa mbele alipouona ule mfuko alirudi nyuma akanikanyaga. Nilielewa. Wiki chache tu kabla ya hapo tulikuwa tumepangwa foleni uwanjani, tukapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Tulimwita gakunia. Akitikisa kichwa, unapelekwa kwenye lori. Hujui ni nani aliyekutaja, unaona macho tu.

Mwalimu alituangalia, akaangalia mfuko wake, na nadhani alitambua.

"Ni mfuko tu," alisema. "Nimeushona mwenyewe."

Alikusudia kututuliza. Nilisimama pale nikijiuliza ni nini kingine alichowahi kushona.

Zamu yangu ilipofika binti yangu alipitishwa miguu kwenye yale matundu, akazunguka hewani polepole bila kulia. Mwalimu alisoma mizani, akaandika kwenye daftari. Akauliza jina langu. Akauliza umri wa mtoto. Kisha akauliza, "Baba yake yuko wapi?"

"Sijui."

Sikujua kusoma wakati huo, lakini macho nilikuwa nayo. Neno langu lilikuwa moja, na penseli yake ilikwenda mstari mzima.

Baada ya kupima alitufundisha. Siku ile alituonyesha jinsi ya kuchemsha maji ya mtoto na kufunika chungu, na kuponda maharagwe na mboga ya terere ili kuchanganya na viazi. Mikono yake ilikuwa mepesi, na alijua alichokuwa akisema. Kisha akakoroga unga mweupe kwa maji ya moto kwenye sufuria kubwa, akatugawia kila mtu katika chombo alichokuja nacho. Mimi nilikuwa na kibuyu kidogo. Nilikibeba mpaka nyumbani kikiwa bado na joto, mama mkwe akakipokea mlangoni, akazunguka nyuma ya nyumba na kumwaga yote. Ardhi yetu ni nyekundu, kwa hiyo weupe ule ulionekana. Alichota majivu jikoni akaufunika.

Tulifanya hivyo kila Jumatano kwa muda wa miezi miwili hivi. Sitaki kumtupia lawama yeye peke yake. Kibuyu nilikuwa nikikitoa kwa mkono wangu, na nilikuwa nikishukuru moyoni kwamba mtu mwingine ndiye anayemwaga.

Wakati huohuo mtoto alikuwa akiisha. Kwanza niliona nywele zake zinakuwa nyepesi na zenye rangi ya kutu. Halafu miguu ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Maziwa yangu mwenyewe yalikuwa karibu yamekauka. Nilikuwa nakula viazi mara moja kwa siku. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba aliacha kulia. Alikuwa akinitazama tu.

"Ameshuka tena," mwalimu alisema Jumatano moja, mtoto akiwa bado kwenye mizani. "Unampa maziwa?"

"Nampa."

"Yote?"

"Yote."

Alinitazama kwa muda. Nilimtazama vilevile. Kisha akaandika.

Siku iliyofuata, asubuhi, niliitwa posti. Nilienda na mtoto mgongoni. Mkubwa wa homugadi alikuwa ameketi nyuma ya meza, na juu ya meza palikuwa na lile daftari. Mwalimu, aliyeitwa kutoka Thika siku isiyo yake, alikuwa amesimama karibu na mlango, na hakunisalimia.

"Mtoto wako amepokea maziwa kwa wiki nane," mkubwa alisema. Aliweka kidole kwenye ukurasa. "Kila wiki anapungua. Maziwa yanaenda kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Walidhani ninayapeleka msituni. Watu walipelekwa kambini kwa makosa madogo kuliko hilo, na wengine hawakurudi. Nikisema ukweli, kwamba tunayamwaga, nitakuwa nimekataa mali ya serikali, na wa kwanza kuchukuliwa atakuwa mama mkwe. Nikinyamaza, nimekubali. Nilimshika mtoto kwa nyuma.

"Mume wako ndiye anayekunywa?" aliuliza.

"Mume wangu sijui aliko."

"Hilo nimelisoma."

Basi ndivyo, nilijisemea. Hivyo ndivyo penseli ile ilivyokuwa ikifanya kazi. Sikumtazama yule mwanamke mlangoni. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia mwenye bunduki, kwa sababu alikuwa amemshika mtoto wangu kwa mikono yake.

Ndipo aliposema, bila kuinua sauti, "Mtoto huyu ana minyoo."

Mkubwa aligeuka. "Nini?"

"Minyoo. Mtoto mwenye minyoo hanenepi hata umpe maziwa ya ng'ombe mzima. Nimewaona wengi Thika."

"Mbona hukuandika?"

"Nilitaka kuhakikisha. Naandika sasa." Alikuja mpaka mezani, akavuta daftari kutoka chini ya kidole cha yule mtu, akaandika akiwa amesimama. "Na kuanzia leo atakuwa akinywa mbele yangu, ili pasiwe na maneno."

Yule mkubwa alitutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine. Nadhani hakuamini. Lakini mwanamke huyu alikuja na gari la serikali, na hakutaka kubishana naye juu ya minyoo ya watoto. Alinifukuza kwa mkono.

Mwalimu alinifuata nje. Tulitembea pamoja mpaka kwenye kibanda, watu wakituona.

"Unayamwaga wapi?" aliuliza.

Nilikaza nguo iliyomfunga mtoto mgongoni.

"Basi usiniambie. Lakini mguse miguu. Mtoto huyu hana wiki nyingi."

Alikoroga unga kidogo kwenye kikombe cha bati akaniletea. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia, "Kunywa wewe kwanza."

Hakukasirika. Alikunywa mpaka nusu, akafuta mdomo, akanirudishia. Nilikaa chini nikampa mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo, na kila kijiko nilingoja kuona kitakachotokea. Alikohoa, akameza, akafungua mdomo tena.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Amekunywa kutoka kikombe kipi?" aliuliza.

"Kilekile alichonywea mtoto."

"Na unga ulitoka kwenye debe lilelile la kila Jumatano?"

Sikuwa na uhakika. Jumatano iliyofuata mama mkwe alikuja mwenyewe, fimbo mkononi, akasimama nyuma ya mwalimu tangu debe lilipofunguliwa mpaka tone la mwisho. Alichagua kikombe yeye. Alichota yeye. Mwalimu alimwachia kila kitu, akamsogezea kigoda. Walikaa hivyo kila wiki, hawasemezani zaidi ya salamu, na mjukuu akinywa katikati yao. Nyumbani mama mkwe alianza kuponda maharagwe na terere kama tulivyofundishwa, akidai alijua jambo hilo tangu zamani.

Uvimbe wa miguu ulipungua kwanza. Baadaye nywele mpya zikaanza kuota chini ya zile za kutu. Asubuhi moja mtoto alilia kwa hasira kwa sababu nimechelewa kumpa uji, na mimi nikakaa chini nikalia pamoja naye.

Kisha Jumatano moja gari likaja na mwalimu mwingine, msichana mdogo aliyekuwa akituogopa. Hakuna aliyetueleza wa kwanza ameenda wapi. Ilisemekana amepandishwa cheo kwa sababu ya kazi nzuri aliyoifanya kwenye posti yetu. Ilisemekana pia amefukuzwa kwa kutufichia siri. Kila mtu alichagua la kuamini kulingana na alivyokuwa amemwona tangu mwanzo.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo. Amri zilikuwa zimelegezwa kidogo, nikapata ruhusa ya kwenda soko la Thika kuuza mahindi mabichi. Alisimama mbele ya gunia langu, hana ile sweta, amekonda. Alinijua mara moja.

"Mtoto?" aliuliza.

"Anakimbia. Ana maneno mengi."

Alitabasamu. Nilimfungia mahindi sita kwenye majani, na nilipokuwa nikimpa nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa kifuani muda wote huo.

"Wewe ndiye uliyewaambia kuhusu maziwa?"

Aliyapokea mahindi. "Daftari lilikuwa likikaguliwa posti kila Jumatano kabla sijapanda gari," alisema. "Mimi niliandika nilichokiona. Uzito ulikuwa umeshuka, nikaandika umeshuka."

"Na lile la mume wangu? Nilisema neno moja, ukaandika mstari mzima."

"Niliandika kwamba mama hana maziwa ya kutosha na apewe kipimo cha pili." Alihamisha mahindi kwenye mkono mwingine. "Sasa na mimi nikuulize. Yalikuwa yakienda wapi kweli?"

"Nyuma ya nyumba. Tuliyamwaga."

Alinitazama kwa yale macho niliyoyajua.

"Kweli?"

"Kweli."

Alitikisa kichwa, akanishukuru kwa mahindi, akaenda zake. Sikujua kama ameniamini. Na yeye nadhani hakujua kama nimemwamini, kwa sababu hata mimi sikujua.

Mume wangu alirudi muda mfupi kabla ya miaka ile kwisha. Kumbe alikuwa kambini siku zote, mbali, mahali penye joto na mbu. Alikuja amevaa suruali isiyo yake, akanyoosha mikono kwa binti yake. Msichana alijificha nyuma ya bibi yake akauliza mtu huyu ametumwa na nani. Ilichukua majuma kadhaa kabla hajakubali kula chakula alichopewa na baba yake, na mama mkwe, niliona, hakumhimiza.