Ndoo ya Neutrino ku Mulango

Batu ya Butembo, mucheke pole pole, juu hii haya ingali inanichoma.

Siku bakwe balikuwa bafike kutoka Masereka kuposa binti yangu Kavira, asubui nilisikia mwalimu moja ku radio, jina yake sikuishika. Alisema nyota ikipasuka inatupa vitu vidogo sana, vinaitwa neutrino. Vinapita mu ukuta, mu mulima, mu mwili ya mutu, na hausikie kitu. Eti ba savant, batu ya sayansi, bamechimba shimo chini ya mulima, bakaweka tangi kubwa ya maji safi ya kuvikamata.

Kupita mu mwili bila kusikia! Siye tuliopita mu Ebola, ukisikia vile hauulize mara mbili. Nikatoa mu depot ile ndoo ya robinet tulinawiaka mikono wakati ya Ebola, nikatia javel ya kuua mikrobe, nikasimama ku mulango.

Bakwe bakafika na mbuzi. Baba ya kijana mwenye kuposa akanyoosha mukono, nikarudi nyuma.

"Hapana, papa! Munawe kwanza."

Hata mbuzi nilimunawisha kwato. Shangazi yao akanuna: "Donc siye ni bagonjwa?"

"Mais hapana, mama! Ni ule mwalimu ya radio, ule mujinga, anatuletea ugonjwa ya nyota!"

Kijana mwenyewe, nilimujua kwa jina tu, akanawa mupaka ku viwiko.

"Mama," akasema, "ile maji ya tangi inavionaka tu vikipita. Havileti ugonjwa. Hata sasa vinatupita." Akafuta mikono. "Na ule mujinga ya radio, ni miye."