Nishani ya Mume Wangu Ilikuwa Chamazi

Mwanamume mwenye mguu mmoja alitupa magongo yake katikati ya barabara, pale Temeke, akamkumbatia mume wangu miguu na kuanza kulia kwa sauti.

Mchana kweupe. Watu wanatazama.

"Ndiye huyu! Jamani, ndiye huyu aliyenibeba!"

Mume wangu alimtazama kidogo tu, akajinasua.

"Umenifananisha, mzee."

Akapanda baiskeli yake, akaondoka. Hakunisubiri hata mie mkewe.

Nikabaki pale na kapu langu la mihogo, mdomo wazi.

Mwaka ulikuwa 1952. Mwingereza bado katukalia, na Temeke yenyewe ilikuwa nusu mji, nusu shamba. Mie naitwa Felicitas. Sasa hivi ni bibi kizee, naandikiwa haya maneno, lakini akili yangu haijanitoka. Nisomeni taratibu.

Mume wangu aliitwa Revelian, mtu wa Bukoba. Alikuwaga askari wa Keya, lile jeshi ambalo Mwingereza alitutia sie Waafrika, akapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Hilo nililijua. Zaidi ya hapo sikujua kitu, maana ukimuuliza habari za vita anainuka kwenda kumwagilia mchicha. Hata kama mvua imenyesha.

Shida ilikuwa sikukuu za serikali. Askari wote waliorudi vitani walikuwa wanatoka na nishani zao kifuani, zinalia ching ching wakitembea. Mume wangu anavaa shati jeupe lililopigwa pasi, kifua kitupu.

Mtaani wakampachika jina. Askari wa Sufuria. Eti Burma alikuwa mpishi.

Yeye alikuwa anatabasamu anapita zake. Mie ndiye niliyekuwa naumia. Nilishagombana kisimani na wanawake wawili kwa ajili ya hilo jina, na mmoja nilimmwagia maji.

Sasa nyie niambieni. Mtu wa namna hiyo, halafu anakuja mwanamume mzima analia miguuni pa mumeo barabarani, anasema umenibeba. Ungekwenda nyumbani ukapike tu?

Nikamwokotea magongo yake. Nikamkalisha kibarazani kwa watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Yule ni nani yako?"

"Mume wangu."

Akanishika mkono kama aliyenijua siku zote. Jina lake Sadallah, anakaa Mtoni. Alikuwa sajini wa kikosi chao.

Akanihadithia. Walikuwa wamekatiwa njia na Mjapani ng'ambo ya mto, upande wa adui. Yeye mguu umesagika. Mume wangu akamfunga mgongoni kwa mkanda, akaingia naye majini huku risasi zinapiga maji pembeni yao. Akaogelea mto mpana na mtu mzima mgongoni. Walipofika upande wao, Sadallah akazimia, akapelekwa hospitali India, mguu ukakatwa. Hawakuonana tena.

"Miaka yote nimedhani alikufa," akasema. "Nishani yake ya ushujaa mmeiweka wapi? Lazima alipewa."

"Hana hata moja, mzee."

Akanitazama kama niliyemtukana.

"Haiwezekani. Hiyo ni dhuluma."

Hilo neno dhuluma likanikaa kifuani. Nikatembea nalo mpaka nyumbani.

Jioni nikamwambia mume wangu, "Baba Koku, yule mzee anaitwa Sajini Sadallah."

"Namjua," akasema.

"Sasa mbona ulimkana?"

Akainuka. Mchicha.

Hapo ndipo nilipojiamulia. Kama yeye hataki kuidai haki yake, nitaidai mie. Nikafungua sanduku lake akiwa kazini, nikachukua kitabu chake cha jeshi, nikakificha ndani ya kanga. Mie na Sadallah tukaenda mjini, kwenye ofisi ya serikali iliyokuwa inashughulikia askari waliorudi.

Karani alikuwa Mhindi, Bwana Taiyeb, mtu mpole, miwani imemtelemka puani. Akafunua kitabu.

"Hapa inasema amekwenda Burma. Lakini pa nishani hapajaandikwa kitu. Hata ile nyota ya Burma waliyopata wote hakuidai. Kwa nini, mama?"

"Hakujua kudai, bwana. Ni mtu mkimya."

Uongo huo. Nilitamka bila kupepesa macho.

Sadallah akatoa ushahidi wake kwa kiapo. Nani alimbeba, wapi, vipi. Bwana Taiyeb akaandika yote, akasema rekodi itasahihishwa, ila itabidi iende Nairobi irudi. Tungoje.

Tukangoja. Masika yakaja, yakapita. Kila nikienda mjini napitia pale, na Bwana Taiyeb anatikisa kichwa kabla sijafika mezani.

Mpaka siku moja akaniona mlangoni akasimama.

"Mama, habari njema! Wamekubali. Zote. Nyota ya Burma na ile ya ushujaa."

Nilipiga kigelegele humo humo ofisini. Wazungu wakatoa vichwa madirishani.

"Ila kulikuwa na jambo dogo," akasema. "Ile ya ushujaa ilishatolewa zamani kwa kazi hiyohiyo, kwa jina la mtu mwingine. Askari aliyekufa, mtu wa Chamazi. Ikapelekwa kwao. Sasa tarishi amekwenda leo kuichukua."

Mnajua nilisema nini?

Nilisema, "Na huyo mwizi anaitwa nani?"

Akaangalia karatasi. "Mfaume."

Nikatoka pale natembea kama sikanyagi chini. Nikanunua nyama. Nikapika pilau siku ya katikati ya wiki. Mume wangu aliporudi akashangaa.

"Kuna mgeni?"

"Mgeni ni wewe," nikacheka. Nikamweleza yote, tangu kitabu mpaka Nairobi. Nikamalizia, "Na ile yako ya ushujaa wamempora yule mwizi wa Chamazi. Mfaume sijui nani."

Alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani, polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Umefanya nini, Mama Koku?"

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua pa kuanzia. Alisema kwa sauti ndogo hivyo, halafu akafunika uso kwa mikono miwili.

Pilau likapoa mbele yetu. Na kwa mara ya kwanza tangu anioe, mume wangu akazungumza habari za vita.

Ng'ambo ile hawakuwa wawili. Walikuwa watatu.

Mfaume ndiye aliyekuwa rafiki yake. Walijiandikisha pamoja, wakalala hema moja, Mfaume akamfundisha Kiswahili cha pwani na kumcheka matamshi yake ya kwao. Siku ile Mfaume alikuwa amepigwa risasi ya tumboni. Sajini mguu. Mume wangu mzima, hana hata mkwaruzo.

Na mtu mmoja hawezi kubeba wawili.

"Sajini ndiye aliyekuwa na matumaini ya kupona," akasema. "Basi nikamchukua yeye. Nikamwambia Mfaume, nakuja kukuchukua, ningoje. Akasema sawa."

"Wakakuzuia kurudi?"

"Hakuna aliyenizuia."

Nikaisogeza sahani pembeni.

"Nilikaa kwenye matete, upande wetu. Namsikia ananiita ng'ambo. Maji yaleyale niliyotoka kuyavuka, miguu ikakataa. Niliogopa, Felicitas. Niliogopa tu. Kulipokucha tukavuka na wenzetu, tukamkuta ameshakuwa wa baridi."

Ofisa akauliza nani alimvusha sajini. Mume wangu akajibu ni Mfaume. Kwamba Mfaume alimvusha, kisha akarudi ng'ambo kupigana, akafa. Sajini kazimia, hakuna wa kubisha. Wakaandika hivyo. Nishani ikaenda kwa mama yake Mfaume.

"Ilikuwa kitu pekee nilichoweza kumpa yule mama," akasema. "Nawe umekwenda kumpokonya."

Nilitamani ardhi inimeze. Mie na vigelegele vyangu. Mie na lile neno langu, mwizi. Nimemwita marehemu mwizi mbele ya makarani, nikaja kumpikia pilau.

Alfajiri tukapanda baiskeli, mie nimekaa nyuma, tukaishika barabara ya Kilwa. Tulipita Mtoni, tukapita Mbagala, hatujasemeshana neno. Mpaka leo nakumbuka mgongo wa shati lake ulivyokuwa umelowa jasho, na mie naogopa kuushika.

Chamazi wakati huo ilikuwa mikorosho na mihogo mitupu. Tukaulizia. Mama yake Mfaume aliitwa Bi Sikudhani. Tulimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo, bibi mwembamba, kajitanda kaniki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kama mmekuja kuitazama nishani, mmechelewa. Jana amekuja mtu wa serikali ameichukua."

Aliyasema hayo bila hasira, kama anayesema kuku wangu kachukuliwa na mwewe. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, nikauona msumari ukutani. Chini yake alama ya duara, udongo pale mweupe kuliko kwingine.

Mume wangu alipiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, mie ndiye Revelian. Nilikuwa na Mfaume. Ile nishani, mama, mie nilisema uongo. Si yeye aliye—"

"Najua," Bi Sikudhani akasema.

Mume wangu akainua uso.

"Walipoileta, Mzungu alinisomea hapa hapa uani. Eti mwanao aliogelea mto na mtu mgongoni." Akatikisa ungo. "Mfaume wangu alikuwa anaogopa maji tangu mdogo. Kuoga kwenyewe nilikuwa namkimbiza. Mto gani ataogelea yule?"



"Basi ulijua siku zote?" nikauliza.

"Nilijua kuna mtu kanidanganya. Na mtu hakudanganyi namna hiyo kama hana jambo. Nikaitundika ukutani, nikasema, mwenyewe atakuja siku moja, na akija ataniambia mwanangu alikufa vipi. Nilikuwa nakungoja wewe. Nishani niifanyie nini mie? Inapikwa?"

Akaweka ungo chini.

"Haya, niambie."

Mume wangu akamwambia. Hakupunguza kitu. Tumbo, matete, kuita, woga wake. Nilitaka nimfinye anyamaze, maana yapo mambo unadhani mama hapaswi kuyasikia. Lakini nilishaingilia vya kutosha.

Bi Sikudhani akauliza swali moja.

"Alikuwa anaita nini?"

"Aliniita mimi, mama. Muda mrefu. Halafu akakuita wewe. Halafu akanyamaza."

Yule bibi alilia pale, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Alilia hana sauti, mabega tu.

"Nisamehe, mama," mume wangu akasema.

"Leo siwezi," akajibu. "Sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Leo siwezi. Lakini njoo tena."

Basi akawa anakwenda. Akitoka kanisani anapanda baiskeli, anakwenda Chamazi. Anamlimia, anamwezekea nyumba, anamhadithia Mfaume alivyokuwa anachekesha kambini. Lini alisamehewa sijui. Siku moja tu nilisikia Bi Sikudhani anamwita mwanangu, na sauti ilikuwa nyingine.

Kwanza lakini alikwenda kwa Bwana Taiyeb, akaomba nishani irudishwe kwa yule mama. Wakubwa wakakataa. Wakasema rekodi imeshasahihishwa, na serikali haiwezi kuandika uongo ikiujua. Ikaja kwetu nyingine, pembeni imechongwa jina la Revelian. Ile ya Mfaume sikujua walikoipeleka.

Mume wangu akaipeleka Chamazi, akamwekea Bi Sikudhani mkononi. Yule mama akaigeuza geuza, akamrudishia.

"Hii ni yako. Ulimbeba mtu. Na mwanangu hukumbeba. Yote mawili ni kweli, usiniachie mimi nusu. Ivae."

Akaivaa. Sikukuu iliyofuata ikalia ching kifuani pake, na lile jina la Sufuria likafa siku hiyohiyo. Sajini Sadallah alisimama na magongo yake akapiga saluti mpaka watu wakacheka kwa furaha.

Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo. Nilikipata chote.

Na nilisimama pale pembeni sikuweza kupiga kigelegele hata kimoja. Kila nikiitazama ile nishani nauona ukuta wa udongo na alama ya duara. Mume wangu hakuwahi kunilaumu tena. Bi Sikudhani alinipenda, akanifundisha mapishi ya kwao. Watu wote walinisamehe isipokuwa mimi mwenyewe, na kaburi la Mfaume liko Burma, siwezi kwenda kumwambia neno langu nimelirudisha.

Nyie mnaowapenda watu wenu, wapiganieni. Sisemi msiwapiganie. Ila mtu wako akinyamaza kwenye jambo la haki yake mwenyewe, usikimbilie kumsemea. Kaa naye kwanza, umuulize ukimya wake unamlinda nani.