Mbwa wa Mferejini

Juzi nilikuwa mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, nikitafuta nyumba ya rafiki, nikajikuta mbele ya geti jeusi lililoandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Nilisimama. Mlinzi akatoa kichwa dirishani, akacheka.

"Ingia tu, bosi. Hakuna mbwa hapa. Ni rangi tu."

Angejuaje kwamba hapo hapo, kabla ya hizo ghorofa, palikuwa na mbwa na hapakuwa na maandishi?

Ngoja nikueleze. Tulihamia Kongo kutoka Laini Saba miaka ya tisini ikianza, mimi, dada yangu mkubwa na nyanya. Nyanya alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta, samaki wa ziwani kwetu, ambayo minofu yake ilikuwa imeshaenda kuliwa na watu wengine nchi nyingine. Harufu ya mafuta yale ilikaa kwenye nguo zetu hata Jumapili kanisani. Maji tulichota kwa Guka, mzee mwenye shamba, ambaye hakuwa babu yetu lakini mtaa mzima ulimwita hivyo. Kwake kulikuwa na ua wa kaiyaba wenye miiba, nyasi za nepia za ng'ombe wake, mfereji mmoja, na karibu na mfereji, Simba, mwenye jina la nusu ya mbwa wote wa Nairobi.

Mnyororo wake ulikuwa mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nadhani Guka hakuwahi kuupima. Watu walichota maji huku shingo zimegeuka, na mama mboga alikuwa na kijiti chake maalumu cha safari hiyo. Mimi nilikuwa na dada.

Dada ndiye aliyenifundisha dawa ya mbwa. "Uma ulimi. Halafu ficha kidole gumba ndani ya ngumi. Hawezi kukugusa."

"Na kama mdomo umefungwa, ataonaje nimeuma ulimi?"

"Wewe na maswali yako! Kwani unataka kumhoji? Uma tu."

Nikauma. Kidole gumba changu alikificha mwenyewe ndani ya kiganja chake, mkono wa pili ukishika mtungi, na tukapita tukiwa bubu wote wawili. Hatukuumwa. Niliona huo si ushahidi, lakini nilipenda kushikwa mkono.

Siku aliyoumwa alikwenda peke yake. Simba alikuwa amekata mnyororo. Dada alirudi bila mtungi, soksi imelowa damu, akicheka kwa aibu kama mtu aliyeteleza sokoni. "Niliuma ulimi kweli," aliniambia, kabla sijauliza.

Guka alikuja mbio na chupa ya maziwa na fungu la manyoya ya mbwa aliyoyaokota kwenye gunia alilolalia Simba. Kila mtu mzima pale alijua la kufanya. Nyanya aliyachoma kwenye kifuniko cha sufuria, akachanganya majivu na mafuta ya kupikia, akayapaka pale meno yalipoingia. Watu wa ziwani kama sisi na wenye mashamba kama Guka, ambao hawakukubaliana hata kuhusu jinsi ya kusonga ugali, walikubaliana juu ya hilo. Ya mbwa huponywa na ya mbwa, walisema. Hakuna aliyetaja hospitali, na kidonda kikapona. Kilipona vizuri sana. Mpaka leo nikisikia mtu akisema "mimi niliona kwa macho yangu dawa ikifanya kazi," mwili wangu husisimka.

Kabla hata kidonda hakijafunga, Simba alikufa. Siku chache za mwisho alikuwa akiuma ukuta, mtungi, hewa. Lakini alikuwa mkali tangu zamani. Mbwa wa namna hiyo akiugua, nani atajua? Habari ilipofika, ploti yetu yote ya wapangaji ilishangilia.

"Malipo ni hapa hapa duniani," alisema nyanya.

"Sasa tutateka maji kama watu," mama mboga akasema, akavunja kijiti chake mbele yetu.

Jioni hiyo tulikunywa chai ya maziwa mengi. Dada peke yake ndiye aliyesema, "Lakini masikini, alikuwa amefungwa tu maisha yake yote." Wakamcheka.

Miezi ilipita. Dada ndiye aliyekuwa mchota maji wetu sasa, akienda na kurudi akiimba. Kisha siku moja mwalimu alimrudisha nyumbani kwa kuwa dada alilalamika koo linamkaba. Nyanya akamletea maji kwa kikombe. Dada alikitazama, mkono ukaanza kutetemeka, akakisukuma kikamwagika. Alikuwa na kiu, alikuwa akiomba maji, na kila yalipoletwa alipiga kelele na kugeukia ukuta.

Hospitalini nilishika kikapu. Muuguzi alimtazama dada kidogo tu, akauliza: "Aliwahi kuumwa na mbwa?"

Nyanya alijibu upesi, kama mtu mwenye habari njema. "Aliumwa, sista, lakini usijali. Huyo mbwa alikufa."

Muuguzi aliweka kalamu mezani. Nyanya aliendelea kumtazama, akingoja naye afurahi.

Tulimzika kijijini kwetu, mahali ziwa linapoonekana kutoka kaburini. Nyanya alisimama akiwa ameyapa maji kisogo. Guka hakufuga mbwa tena, na mfereji ulibaki wazi kwa kila mtu, na hakuna aliyefurahia kwenda.

Chuo kikuu nilisoma kila nilichoweza kuhusu kichaa cha mbwa. Nilitaka wa kumlaumu. Sabuni na maji ya mfereji ule ule, na sindano kwa wakati, vingetosha. Lakini kila lawama ilipomfikia nyanya hoja zangu ziliisha, kwa sababu namkumbuka akipuliza yale majivu yapoe ili yasimchome mtoto.

Kaiyaba haipo tena, nepia haipo, Guka na nyanya hawapo. Mlinzi aliendelea kuniashiria niingie. "Nimekuambia hakuna mbwa!"

Nilikuwa nimeuma ulimi, na kidole gumba kilikuwa ndani ya ngumi yangu mwenyewe.